Nyumba 500 kwa barabara isiyojengwa

*Jijini Atlanta, bustani na barabara tulivu vimekaa mahali ambapo ingepita barabara kuu ya kasi. Matokeo yanasifiwa, na sifa nyingi ni za haki. Lakini gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.*

Jua linapokaribia kuzama, daraja la Mtaa wa Jackson jijini Atlanta hujaa watu wenye simu na kamera. Wanasimama ukingoni wakitazama magharibi. Chini yao barabara ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, inanyooka hadi kwenye maghorofa ya katikati ya jiji. Maharusi hupigwa picha hapo, na wahitimu wa vyuo pia, wakiwa bado na majoho yao. Mwaka 2010 mandhari hiyohiyo ilitumika kutangaza tamthilia ya The Walking Dead: mtu mmoja juu ya farasi akielekea kwenye jiji lisilo na watu. Wengi ambao hawajawahi kufika Georgia wanaijua Atlanta kwa picha hiyo.

Ukigeuka upande wa mashariki, barabara hiyohiyo inabadilika. Jina lake ni John Lewis Freedom Parkway. Inaanza kupinda, na kasi inayoruhusiwa ni maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Kandokando kuna nyasi, miti na njia ya zege ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ikifika kilima cha Copenhill inagawanyika na kukizunguka Kituo cha Carter, chenye maktaba ya rais wa zamani Jimmy Carter, kisha kila tawi linakomea kwenye makutano ya kawaida yenye taa, moja katika barabara ya Ponce de Leon na jingine katika barabara ya Moreland. Inatoka katikati ya jiji na sura ya barabara kuu, na baada ya kilomita chache tu inakuwa barabara ya mtaani. Ardhi ya pembeni ni pana kupita kiasi kwa barabara ya ukubwa huo, na baadhi ya mitaa inayoifikia inakatika ghafla kwenye nyasi.

Upana huo una sababu. Katika miaka ya 1960 jimbo la Georgia lilitwaa ardhi hiyo kwa ajili ya barabara kuu ya kasi, likabomoa nyumba zaidi ya 500, na barabara iliyokusudiwa haikujengwa. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla ardhi haijapata matumizi ya kudumu. Wapo wanaoitaja Atlanta kama mfano wa jiji lililogeuza kosa kuwa neema, nami nakubaliana nao nusu ya njia. Jiji lilifanya vyema kutojenga. Lakini kosa lenyewe halikuwa ukubwa wa barabara iliyochorwa. Kosa lilikuwa kubomoa makazi ya watu kabla athari za mradi hazijapimwa na kabla mapingamizi hayajaisha. Bustani haikulilipa kosa hilo, na sheria za nchi nyingi bado zinaacha mwanya wa kulirudia.

Mstari kwenye ramani

Mwaka 1946 kampuni ya wahandisi ya H. W. Lochner ilikabidhi mpango wa barabara kuu za Atlanta. Kutokana na mpango huo ilizaliwa Downtown Connector, barabara inayobeba I-75 na I-85 kwa pamoja kupita katikati ya jiji. Ilipopita mashariki ya eneo la biashara ilikata Mtaa wa Auburn, kitovu cha maisha ya Wamarekani Weusi wa Atlanta: makanisa, benki, kampuni za bima, magazeti na kumbi za muziki. Mwaka 1956 jarida la Fortune liliutaja mtaa huo kuwa tajiri kuliko mitaa yote ya watu weusi duniani. Martin Luther King alizaliwa hapo mwaka 1929. Daraja la barabara kuu likajengwa juu ya mtaa, likautenga upande mmoja na mwingine, na biashara nyingi hazikuinuka tena. Wakati huo hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyomtaka mjenzi aeleze mapema nini kitatokea kwa walio njiani.

Mwaka huohuo wa 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, ambayo ilifanya Serikali ya Shirikisho kubeba asilimia 90 ya gharama. Bila kuijua asilimia hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini miji mingi ya nchi ile ilijipasua yenyewe. Kwa kila dola 10 za ujenzi, jimbo lilitoa moja tu. Idara ya barabara iliyoamua kutojenga ilionekana kutupa fedha zilizokuwa tayari mezani. Nyumba za watu wa kipato kidogo zilihesabiwa kama ardhi nafuu, na thamani ya ujirani wao haikuwa na safu katika hesabu hizo.

Katika hali hiyo ndipo ulipokuja mpango wa I-485. Ingetoka kwenye Connector kuelekea mashariki hadi Copenhill, kisha ingekata kaskazini kupitia mitaa ya Virginia-Highland na Morningside. Barabara nyingine ya kasi ingeendelea mashariki kuelekea Stone Mountain. Zote mbili zingekutana Copenhill, kwenye kilima kilekile ambako Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alisimama Julai 22, 1864, akiangalia vita vya kuigombea Atlanta. Makutano ya barabara mbili za kasi yanameza ardhi kubwa, kwa sababu kila upande unahitaji njia yake ya kupanda na ya kushuka. Kwa hiyo mtaa wa Copenhill ulifutwa karibu wote.

Madhara hayakusubiri matingatinga. Inman Park, mtaa ulioasisiwa na Joel Hurt mwishoni mwa miaka ya 1880, ulikuwa na majumba ya mbao yenye varanda pana, mengi yakiwa yamechakaa na kugawanywa kuwa vyumba vya kupangisha. Benki haikopeshi kwa urahisi nyumba iliyo kwenye njia ya barabara, na mwenye nyumba haezeki upya paa ambalo huenda litavunjwa. Mtaa unadhoofika, kisha udhoofu wenyewe unatajwa kuwa sababu ya kuubomoa. Msomaji aliyewahi kuishi katika nyumba iliyopigwa alama ya X nyekundu ukutani anaujua mzunguko huu kuliko mtaalamu yeyote.

> Mtaa unadhoofika kwa sababu ya mradi, kisha udhoofu wenyewe unatajwa kuwa sababu ya kuubomoa.

Sheria mpya, majirani wenye mawakili

Januari 1, 1970 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya mazingira iliyozitaka taasisi za shirikisho kuandaa tathmini ya athari kabla ya kutekeleza mradi mkubwa. Mwaka uliofuata wakazi wa Morningside na Lenox Park walikwenda mahakamani wakidai kwamba I-485 haikuwa imefanyiwa tathmini hiyo. Serikali ilijitetea kwamba mipango ilianza kabla ya sheria. Mahakama ya shirikisho haikukubali na ikatoa zuio. Mwaka huohuo wa 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua shauri la bustani ya Overton Park ya Memphis, ikisema ardhi ya bustani ya umma haiwezi kutwaliwa kwa barabara ikiwa ipo njia nyingine inayowezekana na ya busara. Katika muda wa miezi michache, wahandisi waliozoea kuamua peke yao wakajikuta wanatakiwa kutoa maelezo.

Siasa nazo ziligeuka. Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia tangu 1971, alisimamisha sehemu ya mradi. Maynard Jackson, aliyechaguliwa mwaka 1973 kuwa meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, aliungwa mkono na mitaa iliyopinga barabara. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, I-485 ilikuwa imeondolewa kwenye mipango. Katika kipindi hicho wapigakura wa kaunti za Fulton na DeKalb walikuwa wamekubali, mwaka 1971, kutozwa kodi ya mauzo ili kugharimia usafiri wa umma wa MARTA. Juni 30, 1979 treni za kwanza za MARTA zilianza kukimbia, na njia iliyotangulia ilikuwa ya mashariki, ikiwa na kituo kati ya Inman Park na Reynoldstown. Ukanda uleule uliodaiwa kuwa hautaweza kuishi bila barabara ya kasi ulipata reli.

Hata hivyo Copenhill hapakuwa pamebaki kitu. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ndiko uzito wa habari hii uliko. Huko Morningside nyumba nyingi zilikuwa bado zimesimama wakati mahakama ilipotoa zuio, na leo mtaa huo una wakazi wake, miti yake na shule yake. Huko Virginia-Highland zilikuwa zimevunjwa chache, na kwenye viwanja vyake pana bustani ndogo ya John Howell. Mradi ulikuwa uleule, na hoja za kuupinga zilifanana. Kilichotofautiana ni kama tingatinga lilifika kabla au baada ya hakimu.

Rais arudi nyumbani

Carter aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1977 na kushindwa uchaguzi wa 1980. Kwa desturi rais mstaafu wa nchi hiyo hupata maktaba ya kuhifadhi nyaraka zake, na ya Carter ilipangiwa Copenhill, kwenye ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya barabara ambayo yeye mwenyewe alichangia kuizuia. Pamoja na maktaba ukaja pendekezo la idara ya usafiri ya jimbo, iliyoongozwa na Tom Moreland: barabara ya njia nne iliyopewa jina la Presidential Parkway, kutoka Connector hadi kwenye mitaa ya Druid Hills. Meya Andrew Young, aliyekuwa balozi wa Carter katika Umoja wa Mataifa, aliiunga mkono. Wakazi waliona kwamba barabara iliyofukuzwa mlangoni inarudi kupitia dirishani.

Mwaka 1982 waliunda kundi la CAUTION, lililopinga barabara zisizo za lazima katika mitaa ya zamani. Diwani mmoja aliyesimama upande wao alikuwa John Lewis, mtu aliyevunjwa fuvu la kichwa na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965 akidai haki ya kupiga kura. Lewis alikuwa amefanya kazi katika serikali ya Carter, na Young alikuwa mwenzake wa tangu enzi za mapambano. Kupinga mradi wa watu hao wawili hakukuwa jambo jepesi kwa mwanasiasa aliyekuwa na matumaini ya kwenda Bungeni. Alipinga hivyohivyo, na mwaka 1986 wapigakura walimpeleka.

Mashine zilipoanza kukata miti mwaka 1985, vijana na wazee wa mitaa hiyo walikaa mbele yake, wengine wakajifunga kwenye miti, na polisi wakawakamata. Mahakamani hoja kubwa ilikuwa bustani za Druid Hills zilizopangwa na Frederick Law Olmsted, mbunifu wa Central Park ya New York. Mwaka huo mahakama ya rufaa ya shirikisho iliitaka serikali irudi kupima upya njia mbadala. Mahakama za jimbo nazo zilisimamisha kazi. Kituo cha Carter kilizinduliwa Oktoba 1, 1986, huku vita ya barabara yake ikiendelea. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jengo hilo si geni: wasuluhishi wake walisimamia makubaliano ya Sudan na Uganda yaliyotiwa saini Nairobi Desemba 1999, waangalizi wake walikuja katika chaguzi za Kenya za 2002, 2013 na 2017, na kazi yake dhidi ya mnyoo wa Guinea ilichangia Uganda na Kenya kutangazwa huru na ugonjwa huo.

Suluhu ilipatikana mwaka 1991, baada ya Atlanta kushinda nafasi ya kuandaa Olimpiki ya 1996 na kila mmoja kuona aibu ya kuwapokea wageni kwenye uwanja wa magofu. Barabara ilipunguzwa, ikapindishwa ili magari yasikimbie, ikazuiwa kufika kwenye bustani za Olmsted, na ardhi iliyobaki ikawa Freedom Park, zaidi ya ekari 200, sawa na hekta zipatazo 80. Barabara ilifunguliwa mwaka 1994. Mwaka 2018, Lewis akiwa bado hai, jiji liliipa jina lake.

> Huko Morningside na huko Copenhill mradi ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kama tingatinga lilifika kabla au baada ya hakimu.

Foleni ingekuwa pungufu?

Hoja ya kwanza ya wanaosikitikia I-485 ni foleni. Atlanta ni miongoni mwa miji ya Marekani inayojulikana kwa msongamano, na ni rahisi kusema kwamba barabara moja zaidi ingepunguza mzigo. Lakini jiji lenyewe limeshatoa jibu kwa vitendo. Downtown Connector ilipanuliwa sana katika miaka ya 1980, na bado ni barabara inayosimama kila asubuhi na jioni, ikipitisha zaidi ya magari 250,000 kwa siku. Upande wa kaskazini, sehemu ya wazo la zamani ilijengwa kweli: Georgia 400 ilipitishwa Buckhead na kufunguliwa mwaka 1993 kama barabara ya kulipia. Nayo ilijaa. Njia mpya inapofunguliwa, watu waliokuwa wakisafiri saa nyingine, kwa treni au kwa barabara za mitaani wanahamia humo, na wajenzi wa nyumba wanasogea mbali zaidi na jiji kwa kuwa safari imekuwa fupi. Baada ya miaka michache foleni ni ileile, ila magari ni mengi zaidi.

Kinyume chake, fikiria kilichotokea pale ambapo barabara haikujengwa. Watabiri walisema mashariki ya Atlanta ingekwama. Haikukwama. Barabara tulivu inayokomea kwenye taa inatosha kuwafikisha watu waendako, na mitaa iliyokuwa imeandikiwa kifo ni kati ya sehemu zinazotafutwa zaidi kuishi jijini. Inman Park uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1973. Nyumba zake zimekarabatiwa na watu binafsi kwa fedha zao. Sidhani kama kuna ushahidi mzito zaidi ya huu kwamba I-485 haikuwa ya lazima.

Waliokuwa na sauti na wasiokuwa nayo

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na waliozuia barabara hawana budi kuisikiliza. Inasema kwamba ushindi wa Morningside ulikuwa ushindi wa wenye nacho. Wakazi wake wengi walikuwa weupe, wasomi, wenye uwezo wa kulipa mawakili na wenye marafiki katika ofisi za serikali. Wakazi wa Auburn, waliopigwa na Connector miaka michache kabla, hawakuwa na sheria wala fedha. Hata kwenye njia ya I-485 yenyewe, upande wa Old Fourth Ward, ambako weusi wa kipato cha chini walikuwa wengi, nyumba zilianguka, na leo daraja la Mtaa wa Jackson linapita juu ya pengo lililoachwa. Kwa nini basi tuisifu habari hii?

Naikubali hoja hiyo yote, isipokuwa hitimisho ambalo baadhi huongeza, kwamba barabara ingepaswa kuendelea ili machungu yagawanywe sawa. Dhuluma iliyofanyika Auburn haikupungua kwa kuifikisha Morningside. Kinachodhihirika ni kwamba ulinzi dhidi ya bomoabomoa haupaswi kumtegemea jirani mwenye wakili. Tathmini ya athari, muda wa pingamizi na marufuku ya kubomoa kabla hayo hayajaisha vinatakiwa kuwa wajibu wa mjenzi, visisubiri mtu wa kuvidai. Mama mjane wa Old Fourth Ward hapaswi kuunda kamati na kuchangisha fedha ili apate kile ambacho sheria ilimpa daktari wa Morningside.

Hoja hiyo ina mkia wake wa leo. Bustani na njia za baiskeli zimepandisha thamani ya ardhi, kodi za nyumba zimepaa, na wengi wa wapangaji wa zamani wa Old Fourth Ward wamehama bila kubomolewa na mtu. Ni kweli. Lakini tiba ya kupanda kwa kodi ni nyumba za bei nafuu zinazolindwa kisheria, na hakuna popote ambapo barabara ya kasi iliyopita juu ya paa za maskini imewahi kuwa tiba hiyo.

“Bila kubomoa kusingekuwa na bustani”

Wapo wanaosema, kwa nia njema, kwamba hekta 80 za kijani katikati ya jiji ni utajiri ambao usingepatikana kamwe kama nyumba zisingeondolewa. Kihesabu ni sahihi. Lakini hakuna halmashauri ya jiji ambayo ingethubutu kuwaambia wananchi kwamba inavunja nyumba zaidi ya 500 ili ipande nyasi, na kama bei hiyo isingekubalika mwanzoni, haigeuki kuwa halali kwa sababu tu imeshalipwa. Zaidi ya hapo, Atlanta yenyewe imeonyesha njia nyingine. Mwaka 1999 mwanafunzi wa Georgia Tech, Ryan Gravel, aliandika tasnifu akipendekeza reli za mizigo zilizoachwa kuzunguka jiji zigeuzwe kuwa njia ya usafiri na matembezi. Wazo hilo likawa BeltLine, mzunguko wa maili 22, kama kilomita 35. Kipande chake cha mashariki kilifunguliwa mwaka 2012 na kinapita chini ya daraja la Freedom Parkway. Hapo pamekutana njia mbili za kijani: moja ilipatikana kwa kuondoa watu, nyingine kwa kutumia ardhi ambayo treni zilikuwa zimeiacha.

Hoja ya mwisho ni ya wahandisi, nayo ninaiheshimu kuliko zote. Wanasema huwezi kusubiri. Usipotenga njia mapema, ardhi hupanda bei, watu hujenga, na baada ya miaka 20 barabara inayohitajika kwa dhati haiwezekani tena. Hilo ni kweli kwa miji inayokua haraka, na miji yetu inakua haraka. Lakini kutenga si kubomoa. Serikali inaweza kuchora hifadhi ya barabara, ikazuia majengo mapya ndani yake, ikanunua nyumba kwa wanaotaka kuuza na kuzipangisha hadi siku mkandarasi atakapoingia kazini akiwa na mkataba na fedha. Nyumba iliyonunuliwa na kuachwa imesimama inaweza kurudishwa kwa familia mradi ukifutwa. Iliyovunjwa hairudi. Gharama ya kusubiri ni uangalizi kidogo na kodi ndogo ya pango, na gharama ya kutosubiri ni Copenhill.

Haki ya kurudishiwa

Bado kuna ardhi yenyewe. Waliobomolewa walilipwa fidia kwa bei za miaka ya 1960, bei za mitaa ambayo mpango wenyewe ulikuwa umeishusha thamani. Mradi ulipofutwa, ardhi ilibaki ya serikali, na mjadala wa miaka iliyofuata ulikuwa baina ya idara ya usafiri, meya, rais mstaafu na majirani waliobaki. Waliokuwa wakiishi pale hawakuwa upande wowote wa meza, kwa sababu machoni pa sheria walikuwa wameshamalizana na serikali.

Mwaka 2006 Georgia ilibadili sheria yake. Mwaka mmoja nyuma, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeuruhusu mji wa New London, Connecticut, kutwaa nyumba za watu kwa ajili ya mradi wa maendeleo ya kiuchumi, na hasira ikaenea katika majimbo mengi. Sheria mpya ya Georgia inasema kwamba mali iliyotwaliwa kwa nguvu ya dola isipowekwa kwenye matumizi ya umma ndani ya miaka mitano, mmiliki wa zamani anaweza kuomba arudishiwe au alipwe fidia ya nyongeza. Kama kifungu hicho kingekuwapo mwaka 1965, familia za Copenhill zingekuwa na madai halali kabla Carter hajaingia Ikulu.

> Georgia sasa inampa mmiliki wa zamani haki ya kudai baada ya miaka mitano. Kenya inaiachia Tume ya Taifa ya Ardhi hiari. Hiari haitoshi.

Kenya ina kifungu kinachokaribiana na hicho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 110, inasema kwamba sababu ya umma iliyohalalisha kutwaa ardhi ikikoma, Tume ya Taifa ya Ardhi inaweza kumpa mmiliki wa awali au warithi wake nafasi ya kwanza ya kuichukua tena, wakirejesha fidia yote waliyolipwa. Ni hatua nzuri. Lakini kifungu kinaiachia tume hiari bila kuiwekea wajibu, na hakitaji ni baada ya miaka mingapi mradi uliolala uhesabiwe kuwa umekufa. Mradi unaweza kulala miaka 30 ukiwa hai kwenye karatasi, kama ulivyolala ule wa Atlanta kwa sura moja au nyingine.

Mambo mawili yakiandikwa kwenye sheria yatatosha kuzuia Copenhill nyingine: nyumba isivunjwe kabla ya tathmini, mapingamizi na fedha za ujenzi kukamilika, na ardhi isiyotumika ndani ya miaka mitano irudishwe kwa aliyeondolewa akiitaka, bila kusubiri huruma ya tume yoyote. Sheria hizi hutungwa na wabunge, na wabunge huja kuomba kura. Msomaji anayeishi ndani ya hifadhi ya barabara, au mwenye ndugu anayeishi humo, amuulize mgombea wake maswali hayo mawili na adai jibu kabla ya siku ya kupiga kura.